HAIDROJENI KATIKA MITAMBO YA GESI: ASILIMIA 30 YA NINI?

Ndugu wafanyakazi wa umeme, wengi wenu mmekwisha kusikia kwamba haidrojeni itachukua nafasi ya gesi asilia. Habari hiyo si uzushi. Lakini huletwa kwetu kwa namba ambazo anayezisoma haraka hudanganyika, kwa hiyo tumeona tuzieleze.

Mtambo wa gesi huvuta hewa, huikandamiza, huichoma pamoja na gesi, na joto hilo husukuma mapanga yanayozungusha jenereta. Ndivyo ifanyavyo mitambo ya Ubungo na Kinyerezi, Dar es Salaam, kwa gesi itokayo pwani ya kusini ya Tanzania. Gesi asilia ina kaboni, ndiyo maana moshi wake una kaboni dayoksaidi. Haidrojeni haina kaboni. Ikiungua hutoa mvuke wa maji.

Sasa tutazame namba. Mwaka 2022, katika kituo cha McDonough-Atkinson, jimbo la Georgia huko Marekani, walichanganya haidrojeni asilimia 20 na gesi asilia. Mtu angetegemea kaboni ipungue kwa asilimia 20. Ilipungua kwa asilimia 7 hivi. Mwaka 2025 walifika asilimia 50, na kaboni ikapungua kwa asilimia 22 hivi. Hapa hakuna uchawi. Asilimia hizo ni za ujazo, na meta moja ya ujazo ya haidrojeni ina joto lisilofika theluthi moja ya lile la gesi asilia.

Mfano mkubwa zaidi uko Delta, katika jimbo la Utah. Kituo cha Intermountain kilijengwa kuchoma makaa ya mawe, megawati 1,800. Sasa kimewekewa mitambo ya gesi ya megawati 840, iliyoundwa ipokee haidrojeni hadi asilimia 30, kwa shabaha ya kufikia asilimia 100 mwaka 2045. Kwa hesabu ile ile, asilimia 30 hupunguza kaboni kwa asilimia 11 tu. Umeme wa jua na wa upepo hutumika kupasua maji, na haidrojeni inayopatikana huwekwa katika mapango yaliyochongwa ndani ya chumvi, chini ya ardhi. Kilo moja hula uniti 50 au zaidi. Ikichomwa katika mtambo ulio bora hurudisha kama uniti 20. Hasara hiyo ni kubwa, na wanaoficha jambo hili hawatutendei haki. Lakini umeme wa jua uliokosa mtumiaji mchana ungepotea wote.

Tena mtambo wa gesi, uwe na haidrojeni au usiwe nayo, hauna haja ya watu wa kupokea makaa, kuyasaga na kuzoa majivu. Hilo lazungumzwe mezani mapema, si siku ya kufunga mlango.

Halafu kuna usalama. Gesi asilia huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa; haidrojeni huwaka kuanzia 4 mpaka 75. Haina harufu, hupenya penye ufa mdogo sana, na ndimi za moto wake mchana hazionekani kwa urahisi. Moto wake hukimbia mbio, waweza kurudi nyuma na kuunguza vichomeo. Pia huwaka kwa joto kali zaidi, hivyo vichomeo visipobadilishwa oksidi za naitrojeni, ambazo hudhuru mapafu, huongezeka.

Wenzetu wa mitambo mikubwa wanaijua gesi hii tangu zamani, kwa kuwa hutumika kupoza jenereta. Tarehe 8 Januari 2007, katika kituo cha makaa cha Muskingum River, Ohio, haidrojeni ya kupozea ililipuka ilipokuwa ikipakuliwa. Kisahani cha usalama kilikuwa kimepasuka kabla ya wakati wake. Dereva aliyeileta alikufa, na watu 10 walijeruhiwa.

Dereva yule hakuwa mwajiriwa wa kituo. Kwa hiyo penye mpango wa kuchanganya haidrojeni, tawi liulize: mafunzo yatawafikia na vibarua na madereva wa wakandarasi? Vifaa vya kugundua uvujaji vitafungwa wapi, na nani atavipima? Nani ana mamlaka ya kusimamisha upakuaji bila kungoja simu ya meneja?