Umbo la Matokeo kama Suala la Ushahidi: Kusanidi Seva ya Utafutaji kwa Kongoo za Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna maumbo ya matokeo yanavyosanidiwa katika Solr, programu ya seva ya utafutaji inayoweza kutumika kuhifadhi na kutafuta matini za kongoo. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa umbo si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake, kwani ndio unaoamua ni ushahidi gani unaomfikia mtafiti na upi unaoachwa njiani.

1.0 Utangulizi
Tuchukulie mwanafunzi wa uzamili anayechunguza kauli ya kutendea katika matini za magazeti. Anatafuta kitenzi pikia katika kongoo ya idara yake, anapakua jedwali, anahesabu mistari 10, kisha anaandika katika tasnifu kwamba kitenzi hicho kimetokea mara 10. Kumbe kongoo ina hati 400 zenye kitenzi hicho. Mwanafunzi huyu hakukosea kuhesabu. Jedwali lenyewe halikumjulisha kwamba lilikuwa limekatwa.

2.0 Maumbo ya Matokeo katika Solr
Solr ilianzishwa mwaka 2004 na Yonik Seeley katika kampuni ya CNET Networks, ikakabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 2006. Inapopokea ulizo, hutekeleza hatua mbili. Kwanza hutafuta hati zinazolingana na ulizo hilo. Kisha sehemu maalumu, ambayo hapa tunaiita kiandishi cha majibu, huyapa matokeo umbo. Mtumiaji huteua umbo kwa kigezo wt: wt=xml, wt=json au wt=csv. Tangu toleo la 7 la mwaka 2017, asiyeteua hupewa JSON. Kabla ya hapo alipewa XML.

Maumbo haya hayabebi taarifa sawa. XML na JSON hubeba jibu zima: kichwa cha jibu, jumla ya hati zilizopatikana (numFound), hati zenyewe, pamoja na orodha za idadi na vipande vya muktadha iwapo vimeombwa. CSV hubeba hati tu. Watafiti wengi huipenda kwa sababu hufunguka moja kwa moja katika lahajedwali, lakini jumla, orodha za idadi na muktadha huwa vimeachwa nje. Aidha, Solr hurudisha hati 10 tu endapo kigezo rows hakikutajwa. Hivyo basi, jedwali la mwanafunzi wetu lilikuwa sahihi kiufundi, lakini lilimpotosha kitaaluma.

3.0 Kinachohesabiwa na Kinachoonekana
Hata pale jumla inapoonekana, ni sharti ifasiriwe kwa uangalifu. Thamani ya numFound ni idadi ya hati, si idadi ya matukio ya neno. Ikiwa kila hati ni sentensi moja, tofauti huwa ndogo. Ikiwa kila hati ni riwaya nzima, tofauti ni kubwa mno. Kadhalika, orodha za idadi kwa kila neno huhesabu hati zenye neno hilo, na hukomea kwenye maneno 100 iwapo kikomo kingine hakikuwekwa. Vipande vya muktadha navyo hutolewa kimoja tu kwa kila uga wa hati, isipokuwa kigezo hl.snippets kimeongezwa. Anayevitumia kama itifaki kamili ya matukio atakuwa amepoteza data bila kujua.

Kwa lugha ambishi bainishi kama Kiswahili, kuna jambo la ziada. Solr hutofautisha kufaharasisha uga na kuuhifadhi. Uchanganuzi unaofanywa wakati wa kufaharasisha husaidia kutafuta, lakini kinachorudishwa ni matini kama ilivyohifadhiwa. Mtafiti anayetafuta mzizi -pik- kupitia uchanganuzi huo anaweza kupata neno hawajatupikia, lakini hataona ha-wa-ja-tu-pik-i-a katika umbo lolote la matokeo, mpaka mofimu hizo ziwekwe katika uga wake na uga huo uhifadhiwe.

4.0 Usanidi Unaopendekezwa
Mipangilio ya kudumu huwekwa katika faili la solrconfig.xml, ndani ya kishughulikia maulizo. Vigezo vilivyo chini ya defaults vinaweza kubadilishwa na mtumiaji. Vilivyo chini ya invariants haviwezi. Tunapendekeza idara ziwe na vishughulikia viwili. Cha kwanza kitoe JSON, na echoParams=all iwekwe chini ya invariants ili kila jibu liandamane na vigezo vilivyolizalisha. Cha pili kitoe CSV, na kigezo fl kitaje nyuga zinazohitajika: kitambulisho, chanzo, mwaka, sentensi na mofimu. Kwa kuwa uga wa mofimu una thamani nyingi, kitenganishi chake kiteuliwe kwa csv.mv.separator, kisifanane na kile cha safuwima.

Utaratibu wa mtafiti uwe huu: atume kwanza q=pikia&rows=0 kwa kishughulikia cha JSON, ili apate jumla bila hati; kisha aombe CSV yenye rows isiyopungua jumla hiyo; mwisho alinganishe idadi ya mistari na jumla. Jibu la JSON lihifadhiwe pamoja na jedwali, kwani CSV haibebi kumbukumbu ya ulizo lake.

5.0 Hitimisho
Tumezoea kumtaka mwanafunzi ataje ukurasa wa kitabu anachonukuu. Vivyo hivyo, anayetumia kongoo atakiwe kutaja ulizo, umbo la matokeo, thamani ya rows, toleo la kongoo na maana ya hati katika kongoo hiyo. Bila taarifa hizo, msomaji hawezi kurudia utafutaji, na mtahini hana njia ya kujua kama 10 ni idadi ya lugha au ni kikomo cha mashine.