Wiki ya Mmisionari wa Kimormoni: Huduma, Nyimbo na Imani (Sehemu ya Pili)

Wiki ya mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huanza, kwa kawaida, Jumatatu kwa kufua nguo. Siku hiyo, iitwayo siku ya maandalizi, ndiyo pekee ambayo kijana huyo hashindi akifundisha: hufua, hupiga pasi mashati, huenda sokoni, hunyoa nywele, hucheza mpira, kisha huwapigia simu wazazi. Simu hiyo ya kila wiki ni jambo la juzi tu. Hadi Februari 2019 mmisionari alikuwa akisikia sauti za nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Nyakati nyingine ilikuwa barua, na baadaye barua pepe. Jioni ikiingia mapumziko yanakwisha, na tai hurudi shingoni.

Watu wengi humwita Mmormoni, ingawa tangu 2018 kanisa lenyewe limekuwa likisisitiza jina lake kamili. Wamisionari wa aina yake wako zaidi ya 70,000 duniani kote. Wanaume hutumikia miezi 24, wanawake 18. Oktoba 2012 umri wa kuanza ulishushwa, wanaume kutoka miaka 19 hadi 18 na wanawake kutoka 21 hadi 19, na idadi ya wanawake ikapanda ghafla. Hakuna mshahara. Kijana anayetoka Marekani au nchi nyingine tajiri huchangia, yeye au familia yake, dola 500 kwa mwezi tangu Julai 2020, na kiasi ni hicho hicho apelekwe Tokyo au Dar es Salaam. Wa nchi maskini husaidiwa kutoka mfuko wa kanisa. Kituo cha kazi hakichagui. Barua ya wito hutoka Salt Lake City, Utah, nayo humtajia misheni na lugha atakayojifunza.

Mwenza pia hamchagui. Wamisionari hutembea wawili wawili, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na sheria huwataka wasiachane kwa macho wala kwa masikio isipokuwa faraghani. Wanaume huitwa Mzee na wanawake Dada, likifuata jina la ukoo. Majina ya kwanza hayatumiki. Katika misheni za Afrika Mashariki si ajabu kumkuta kijana wa Idaho akipika ugali chumba kimoja na mwenzake wa Ghana au wa Kongo, watu ambao kwa hiari yao wasingekutana. Wengi waliomaliza utume husema mtihani mkubwa haukuwa milango iliyofungwa bali mwenza.

Kuanzia Jumanne ratiba hubana. Wengi huamka saa kumi na mbili na nusu, hufanya mazoezi, husali na kunywa chai isiyo na majani ya chai, kwani Neno la Hekima, fundisho la mwaka 1833, linakataza pombe, tumbaku, chai na kahawa. Saa za asubuhi ni za kusoma: kwanza peke yake, kisha na mwenza, na kwa anayejifunza lugha, saa nyingine ya lugha. Vitabu ni Biblia, Kitabu cha Mormoni na mwongozo uitwao Hubiri Injili Yangu, uliotolewa mwaka 2004 na kuandikwa upya 2023. Kabla ya mwongozo huo masomo yalikaririwa karibu neno kwa neno. Sasa kijana anatakiwa ayaelewe na kuyasema kwa maneno yake. Baada ya hapo huingia mitaani, na kurudi nyumbani kama saa tatu usiku. Mwaka 2017 ratiba ililegezwa ili kila misheni iendane na desturi za mahali. Kubisha hodi nyumba kwa nyumba, taswira iliyozoeleka sana, kumepungua; baada ya janga la korona la 2020 sehemu kubwa ya kazi ilihamia kwenye simu na mitandao ya kijamii, na watu wengi wanaofundishwa huletwa na ndugu au majirani ambao tayari ni waumini.

Saa kadhaa za wiki hutengwa kwa huduma: kulima shamba la mjane, kupaka rangi darasa, kufundisha Kiingereza bila malipo, kufagia tope baada ya mafuriko. Katika maafa makubwa, kama vimbunga vya kusini mwa Marekani, wamisionari huungana na waumini wa kawaida wakiwa na vizibao vya njano. Mwongozo huwataka watumikie bila kudai mtu asikilize mahubiri. Ni kweli pia kwamba jembe hufungua mlango ambao kitabu hakiufungui, na kanisa linalijua hilo. Hayo mawili huishi pamoja bila kugombana sana.

Muziki una kazi pana kuliko inavyodhaniwa. Julai 1830, miezi mitatu tu baada ya kanisa kuundwa katika jimbo la New York, Emma Smith, mke wa mwanzilishi Joseph Smith, alikabidhiwa jukumu la kukusanya nyimbo. Kitabu chake, chenye tarehe ya mwaka 1835, kilikuwa na nyimbo 90, maneno matupu bila noti. Yaliyofuata yalitokana na wamisionari wenyewe. Mwaka 1837 Heber C. Kimball na wenzake walifika Preston, Uingereza, na miongoni mwa waliobatizwa mwaka huo alikuwemo William Clayton, ambaye mwaka 1846, akiwa njiani na Wamormoni waliohamia magharibi mwa Marekani, aliandika wimbo wa safari ambao Wamormoni wanauimba hadi leo. Huko Wales alihubiri Dan Jones, na waongofu wake waliposafiri kwenda Utah mwaka 1849, rais wa kanisa Brigham Young alimwomba mmoja wao, John Parry, aongoze kwaya ya Salt Lake City. Kwaya hiyo imekuwa redioni kila wiki tangu Julai 1929.

Kwa mmisionari wa kawaida matumizi ya muziki ni ya kila siku tu. Muziki wa dunia huwekwa kando kwa muda wote wa utume, hivyo bongo fleva husubiri. Vijana huimba katika mkutano wa kila wiki wa wilaya, yaani kikundi cha wamisionari wa eneo moja, katika ubatizo na sebuleni mwa wenyeji kabla ya somo. Faida iko wazi: anayepelekwa nchi ngeni hupewa wiki chache tu za lugha kabla ya kuanza kazi, na asiyeweza bado kujibu swali moja la mwenyeji anaweza kuimba beti nne za Kiswahili bila kukwama. Kuimba pamoja pia hukata ukimya mzito wa wenza waliogombana asubuhi.

Ibadani sauti ni tulivu. Piano au kinanda huongoza, mkutano mzima huimba, na ngoma hazipigwi. Mtu aliyezoea kwaya za Kilutheri za Tanzania, au Misa ya Kikongo iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988, anaweza kuona kwamba desturi hii imebeba sana Uingereza na Utah ya karne ya 19, na hapo atakuwa na hoja.

Jumapili ndiyo kilele. Tangu Januari 2019 mikutano huchukua saa mbili badala ya tatu. Katika mkutano wa sakramenti hugawanywa mkate na maji, si divai, na hotuba hutolewa na waumini wa kawaida, kwa kuwa wahubiri wa kulipwa hawapo. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwa kawaida, ni ya mfungo: waumini huacha milo miwili, huwatolea maskini thamani yake, na yeyote anaweza kusimama kutoa ushuhuda. Mmisionari huangalia viti. Kama mtu aliyeahidi kuja hakuja, juma zima linaweza kuonekana limepotea.

Imani anayoihubiri inasema kanisa la kale la Kristo lilipotea na kurejeshwa kupitia Joseph Smith, na hilo ni moja ya mambo yanayoyafanya makanisa mengine yasiikubali. Mwaka 2001 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, kwa kuwa fundisho lao kuhusu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni tofauti. Nao Wamormoni humbatiza upya, kwa kuzamisha, kila anayetoka kwingine. Barani Afrika kuna swali jingine gumu. Hadi Juni 1978 wanaume weusi wenye asili ya Afrika walinyimwa ukuhani, na waumini weusi hawakushiriki ibada kuu za hekaluni. Marufuku hiyo iliondolewa chini ya rais wa kanisa Spencer W. Kimball, na ndiyo sababu kazi katika eneo hili ni changa: misheni ya Nairobi ilianzishwa 1991, na hekalu la kwanza la Kenya likawekwa wakfu Nairobi Mei 2025. Mmisionari mwenye umri wa miaka 19 huulizwa kuhusu marufuku hiyo mara kwa mara, na si kila mmoja ana jibu la kuridhisha.

Mtu akikubali kubatizwa, mwanamume mwenye ukuhani ndiye humzamisha. Wamisionari wanawake, hata kama wamemfundisha kwa miezi, hawana ruhusa hiyo na hukaa kama mashahidi, jambo ambalo nalo liliruhusiwa 2019 tu.

Jumapili usiku hesabu hupelekwa kwa kiongozi wa wilaya: wangapi wapya wamefundishwa, wangapi walihudhuria ibada, nani amepangiwa siku ya ubatizo. Kutoka hapo taarifa hupanda hadi kwa rais wa misheni, ambaye huhudumu miaka mitatu na, katika misheni nyingi, hupanga uhamisho kila baada ya wiki sita hivi. Mwenza anaweza kubadilika, au mji, au vyote viwili. Ratiba ya wiki haibadiliki.