Si lazima mgeni apewe sukari: maji ya gesi na ndimu, kutoka Doldol

Mamangu alipanda kutoka Mombasa kuja kunitembelea hapa Doldol, kiasi cha kilomita 50 kaskazini mwa Nanyuki, nilikofungua duka. Ana kisukari cha miaka mingi. Jirani yangu, mama wa Kimaasai mwenye moyo mweupe, aliposikia kuna mgeni alimtuma mtoto dukani kwangu akanunue soda mbili. Pesa nilipokea mimi, soda ikatoka kwenye friji yangu, na aliyeinywa ni mamangu. Hakuweza kukataa. Kwetu, na kwa Wamaasai pia, kurudisha kinywaji ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Usiku ule aliamka mara nne, kiu na msalani. Asubuhi kile kipimo cha kidole kikatueleza sababu.

Nilimuuliza kwa nini hakuomba maji. Akacheka. "Maji si kitu cha kumpa mgeni, na mimi siwezi kuyaomba. Na ukweli, mwanangu, napenda ile kitu ikinikwaruza koo."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike. Anachokipenda mamangu ndani ya soda ni gesi na baridi, pamoja na heshima ya kufunguliwa chupa. Sukari imekuja tu juu ya hayo, na hayo yote matatu yawezekana bila yake.

Sukari ni kiasi gani?

Soda nyingi za kawaida zina karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 300 basi ina karibu gramu 30, yaani vijiko saba vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula cha siku, na ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, ambayo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Chupa moja yaupita mpaka huo wa pili, na bado hujanywa chai.

Gesi yatoka wapi?

Ni kabonidioksidi, hewa ile ile tuitoayo tukipumua. Hapa Kenya huchimbwa ardhini huko Kereita, Lari, kaunti ya Kiambu, ikasafishwa na kuuziwa viwanda. Kuitia kwenye maji si jambo geni. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley, aliyeishi jirani na kiwanda cha pombe mjini Leeds, aliona kwamba maji yakiwekwa juu ya mapipa yanayochacha huinywa hewa ile na kupata ladha ya kuchangamsha. Mwaka 1772 akachapisha njia ya kuitengeneza hewa hiyo kwa chokaa na tindikali. Maji yake hayakuwa na sukari hata chembe.

Nyumbani twaweza kufanya kazi hiyo kwa bekingi soda na siki. Vikikutana hutoa povu, na povu hilo ndilo gesi yenyewe. Wako wanaotia bekingi soda na ndimu moja kwa moja ndani ya glasi. Yatachemka kweli, lakini chumvichumvi hubaki mle ndani. Nusu kijiko cha chai cha bekingi soda kina zaidi ya miligramu 600 za sodiamu, na mwenye presha hafai kunywa hiyo. Wengine hutumia hamira na sukari. Hamira ikila sukari hutoa gesi pamoja na kileo, hata kama ni kidogo, kwa hivyo wengi wetu tutaiepuka. Njia salama ni kutengeneza gesi katika chupa moja na kuipeleka katika chupa ya pili kwa mpira.

Namna ya kufanya

Tafuta chupa mbili za plastiki zilizokuwa na soda, moja ya lita 1 na moja ya nusu lita. Usitumie chupa ya kioo, wala ya maji ya kawaida ambayo haikutengenezwa kuzuia gesi. Toboa vifuniko viwili na upitishe mpira mwembamba ulio mpya na safi, kama ule wa dripu. Tundu liwe dogo kuliko mpira ili ubane. Weka pembeni kifuniko kimoja kizima.

1. Chemsha maji, yapoe, kisha yawe baridi kabisa. Gesi haisafishi maji, na hapa kwetu ambako maji huletwa kwa mitungi na punda, hatua hii hairukwi. Jaza chupa ndogo hadi robo tatu hivi, iminye hewa itoke, ufunge. Mpira ufike chini ndani ya maji.
2. Katika chupa kubwa tia mililita 200 za siki. Huku mpira uishie juu kabisa, mbali na siki.
3. Funga kijiko kimoja kikubwa cha bekingi soda, kilichosawazishwa, ndani ya tishu. Kitumbukize kwenye siki na ufunge upesi. Usizidishe kipimo, na usitumie bekingi pauda.
4. Chupa zikiwa ngumu, acha ile ya siki isimame wima na uitikise ile ya maji kwa dakika mbili. Utaona maji yanavyoinywa gesi.
5. Kunja mpira kwa nguvu, fungua chupa ya maji polepole, badilisha kifuniko, uiweke kwenye friji nusu saa. Ile ya siki ifungue kidogo kidogo nje ya nyumba.

Baridi ndiyo siri. Maji yaliyo karibu na kuganda hubeba zaidi ya mara mbili ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 25. Asiye na friji huku hutumia mtungi wa udongo, nao hufanya kazi vizuri kuliko kwetu Pwani, kwa sababu hewa kavu hukausha unyevu wa mtungi haraka na kuupoza. Ila gesi nayo huku hukimbia upesi. Nanyuki iko karibu mita 1,950 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, ndiyo maana pakiti za krispi kutoka Mombasa hunifikia zimevimba kama maputo. Basi fungua na unywe.

Tunda litiwe mwisho

Ukilitia kabla ya gesi, litafurika povu. Kwa glasi moja yatosha nusu ndimu, au kijiko cha pesheni, au kipande cha ganda la chungwa na majani ya nanaa. Usidanganywe na uchachu: ukwaju ni mkali mdomoni lakini una sukari nyingi ya asili, na glasi nzima ya juisi ya chungwa si maji ya ndimu. Ladha iwe harufu tu.

Mwenye kiungulia apunguze, na ndimu isinywewe kutwa nzima, italika meno. Na hili walishike walio na wagonjwa nyumbani: mtu wa kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari yake imeshuka. Hapo mpe kitu chenye sukari upesi, maana maji haya hayatamsaidia.

Mamangu alipokuja tena, nilimpelekea jirani chupa mbili za maji haya mapema, na ndimu juu ya sahani. Aliifungua mbele ya mgeni wake, ikalia *pss*, wakacheka wote wawili. Soda naendelea kuuza, sitawaficha. Lakini siku hizi mteja akiniambia anamnunulia mgeni, humuuliza kwanza mgeni mwenyewe ni nani.