Hesabu ya mzigo ikivuka Mpondwe, masharti hubaki nyuma

BWERA, Kasese – Mfanyabiashara anayepeleka sabuni, chumvi na saruji Kasindi anaweza kuiachia kompyuta imchagulie mzigo wenye faida kubwa bila kuzidi mtaji wala uzito wa gari. Katika Excel, kazi hiyo hufanywa na Solver.

Tatizo huanza faili linapotumwa kwa mshirika wa ng'ambo. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini programu hazijaungana. Google Sheets haina Solver ya kwake. Excel ya simu pia haina. Namba na fomula hufika, ila sharti la "usizidi tani 7" halionekani. Mshirika akibadilisha bei, faida hubadilika lakini mzigo hubaki uleule wa zamani, naye huenda akaagiza hasara.

Faili la CSV nalo, likifunguliwa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, 12.5 huenda ikasomwa kama maandishi na isijumlishwe, kwa kuwa Kifaransa hutenga desimali kwa mkato.

Kinga yake ni rahisi: andika ndani ya jedwali lengo, viwango vinavyobadilika na kila kikomo. Kisha kila upande upige hesabu kwa bei zilezile. Majibu yakitofautiana, gari lisipakiwe.