Kura ya Kitengela huingia katika vikapu viwili

KILA uchaguzi mkuu unapokaribia, gumzo mjini Kitengela na kule Kajiado huwa lile lile: kaunti hii itachukuliwa na nani? Runinga na magazeti huchora ramani ya nchi na kuipaka kila kaunti rangi ya mwaniaji mmoja wa urais. Mpiga kura aliye upande wa wachache huitazama ramani hiyo na kuamini kwamba kura yake imekwisha kumezwa. Wapo wanaobaki nyumbani siku ya kura kwa sababu hiyo.

Imani hiyo haina msingi katika sheria za Kenya. Hakuna mwaniaji wa urais anayeweza kuichukua Kaunti ya Kajiado, wala kaunti nyingine yoyote, kwa maana ya kujitwalia kura za wapinzani wake. Kinachofanyika ni tofauti kabisa, na ni muhimu kila mwenye kadi ya kura akifahamu.

Mazoea ya kusema kwamba eneo fulani "limechukuliwa" yanalingana zaidi na utaratibu wa Marekani. Huko, rais hachaguliwi moja kwa moja na jumla ya kura za raia. Kila jimbo hupewa idadi ya wajumbe, na wajumbe hao ndio wanaomchagua rais. Wajumbe wote ni 538, na mshindi huhitaji angalau 270.

Namna ya kuwagawa wajumbe imeachiwa kila jimbo kujiamulia. Majimbo 48 kati ya 50, pamoja na mji mkuu wa Washington, humpa wajumbe wote yule aliyeongoza, hata akiongoza kwa kura moja. Mwaka wa 2000, George W. Bush alimshinda Al Gore katika jimbo la Florida kwa kura 537 tu, kati ya karibu milioni sita zilizopigwa. Alijitwalia wajumbe wote 25 wa jimbo hilo, na kwa hao akaingia ikulu, ingawa Gore alikuwa amempiku kwa zaidi ya kura nusu milioni kote nchini. Kura za wafuasi wa Gore katika Florida hazikumletea hata mjumbe mmoja.

Majimbo mawili yalikataa mtindo huo. Maine tangu 1972, na Nebraska tangu 1992, humpa mshindi wa jimbo zima wajumbe wawili, kisha kila eneobunge humpa mjumbe mmoja aliyeongoza humo. Ndiyo maana mwaka wa 2020 na pia 2024 wajumbe wa majimbo hayo waligawanyika kati ya vyama viwili.

Kenya ilifuata njia nyingine. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kinaweka masharti mawili kwa anayetaka kuwa rais. La kwanza, apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini. La pili, apate angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila mojawapo ya kaunti zaidi ya nusu, yaani kaunti 24 kati ya 47. Akikosa sharti lolote kati ya hayo, hatangazwi mshindi katika duru ya kwanza.

Kwa hivyo, kura moja ya urais inayopigwa Kitengela huingia katika vikapu viwili. Kikapu cha kwanza ni cha taifa, ambako kura hiyo ni sawa na kura ya Mombasa, Turkana au Busia. Kikapu cha pili ni cha kaunti, ambako husaidia kuamua ni nani amefikisha robo ya kura za Kajiado.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Tuseme kura halali za urais katika Kajiado ni 300,000. Mwaniaji wa kwanza apate 150,000, wa pili 130,000 na wa tatu 20,000. Robo ya 300,000 ni 75,000. Wawaniaji wawili wa kwanza wamevuka kiwango hicho, na kila mmoja anahesabiwa Kajiado miongoni mwa kaunti zake 24. Wa tatu hakufaulu kuipata kaunti, lakini kura zake 20,000 bado zimo katika kikapu cha taifa. Kwa kuwa mshindi sharti avuke nusu ya kura zote, hata kura hizo chache zinaweza kuchangia kumzuia anayeongoza asitangazwe rais katika duru ya kwanza. Kwa utaratibu wa Florida, mwaniaji wa kwanza angejitwalia kaunti nzima na wenzake wangetoka mikono mitupu.

Matokeo ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022 yanathibitisha hayo. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, dhidi ya Raila Odinga aliyepata 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Kulingana na tangazo la Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Dkt Ruto alifikisha asilimia 25 katika kaunti 39 na Bw Odinga katika kaunti 34. Ukijumlisha idadi hizo unapata 73, ilhali kaunti zote ni 47. Maana yake ni kwamba angalau kaunti 26 zilihesabiwa kwa wote wawili. Ramani zilizipa rangi moja, ila hesabu ya Katiba ilizipa mbili.

Sharti la robo ya kura si geni. Liliingizwa katika Katiba ya zamani mwaka wa 1992, wakati nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Wakati huo kipimo kilikuwa mikoa: mshindi alitakiwa kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane, lakini hakulazimika kupata nusu ya kura zote. Ndivyo Daniel arap Moi alivyotangazwa mshindi mwaka huo kwa takriban asilimia 36 pekee, huku wapinzani wake wakiwa wamegawanya kura zilizosalia.

Kajiado wakati huo ilikuwa wilaya moja tu katika Mkoa mpana wa Bonde la Ufa, na sauti ya wakazi wake ilizama katika jumla ya mkoa. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, Kajiado husimama yenyewe. Mwaka wa 2022 ilikuwa na zaidi ya wapiga kura 460,000 waliosajiliwa. Lamu ilikuwa na takriban 81,000 na Nairobi zaidi ya milioni 2.4. Katika kikapu cha pili, kila mojawapo ya hizo tatu ni kaunti moja. Nia ni kumzuia mtu asitawale taifa kwa kutegemea maeneo machache yenye watu wengi.

Hesabu yenyewe hufanyika vipi? Kura za urais huhesabiwa katika kila kituo na matokeo kujazwa katika Fomu 34A. Fomu za vituo vya Kitengela hupelekwa katika kituo cha kujumlishia kura cha eneobunge la Kajiado Mashariki, ambako Fomu 34B hutayarishwa. Maeneobunge mengine manne, yaani Kajiado Kaskazini, Kati, Magharibi na Kusini, hufanya vivyo hivyo. Baada ya hapo matokeo huenda moja kwa moja katika kituo cha kitaifa, ambako Fomu 34C hutolewa.

Msomaji atagundua kwamba hakuna fomu ya kaunti katika safari hiyo. Gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake hutangaziwa katika kaunti, lakini asilimia ya urais ya Kajiado hupatikana kwa kujumlisha matokeo ya maeneobunge yake matano. Mnamo Juni 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho, na hayawezi kubadilishwa na maafisa wa tume walio Nairobi. Kwa hivyo, mawakala wanaolinda kura Kitengela na Isinya ndio wanaolinda pia asilimia ya Kajiado.

Kura zilizoharibika hazimo katika hesabu hii. Mnamo 2013, Uhuru Kenyatta alipotangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, swali hilo lilifika katika Mahakama ya Juu, ambayo iliamua kwamba asilimia hupigwa kwa kutumia kura halali pekee. Anayeweka alama mahali pasipostahili hukosa vikapu vyote viwili.

Ikiwa hakuna aliyetimiza masharti, wawili walioongoza hurudi debeni katika muda wa siku 30. Katika duru hiyo sharti la kaunti huondoka, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Duru ya namna hiyo haijawahi kufanyika nchini. Uchaguzi wa Oktoba 26, 2017 ulikuwa wa marudio, baada ya Mahakama ya Juu kubatilisha ule wa Agosti.

Linabaki swali linalowahusu wengi Kitengela, mji uliojaa watu waliohamia kutoka pembe zote za nchi na wanaofanya kazi Nairobi au ng'ambo ya mto kule Athi River, katika Kaunti ya Machakos. Je, wajisajili wanakoishi au mashambani walikozaliwa? Kwa kikapu cha taifa, hakuna tofauti. Kwa kikapu cha kaunti, kura huhesabiwa pale mtu aliposajiliwa, si anapolala. Na kwa viti vya gavana, seneta, mbunge na diwani, aliyejisajili kwingine hana sauti kuhusu barabara, maji na zahanati za mji anamolea wanawe.