Mfereji Udondokao Hauponi kwa Kukazwa

Katika nyumba nyingi zilizofikishiwa maji ya bomba, usiku husikika mfereji wa jikoni ukidondoka tone baada ya tone, na wenyewe huliona kuwa jambo dogo. Basi na tufanye hesabu. Matone 20 ni kadiri ya mililita moja. Mfereji udondokao tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 mchana na usiku, yaani zaidi ya lita 4. Kwa mwaka ni kama madebe 78 ya lita 20. Maji hayo yamekwisha kupita katika mita, na hapana budi yalipiwe.

Dawa ya wengi ni kuukaza mfereji kwa nguvu zote, hata mtoto asiweze kuufungua. Dawa hiyo ndiyo izidishayo ugonjwa. Ndani ya mfereji wa kawaida mna kijiti cha shaba, na mwishoni mwake pana kipande cha mpira cha mviringo kiitwacho washa. Ufungapo, washa hushuka ikaziba tundu la maji. Mpira ukichakaa, maji hupenya. Nawe ukizidi kukaza, waukatakata mpira, na mwishowe ukingo wa tundu lenyewe huharibika. Hapo washa mpya haitafaa kitu, na itakulazimu kununua mfereji mzima kwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ndogo.

Kazi ya kuibadilisha haihitaji fundi. Kwanza funga koki kubwa ya maji, ambayo aghalabu iko karibu na mita, kisha ufungue mfereji mpaka maji yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa maana parafujo ikitumbukia humo utaitafuta siku nzima. Ondoa mpini. Shika mwili wa mfereji kwa spana moja, na kwa spana ya pili ulegeze kichwa chake. Asiyeushika mwili huweza kulipinda bomba lililo ukutani, na hasara yake ni kubwa kuliko ya matone. Itoe washa ya zamani uende nayo dukani, upate iliyo sawasawa nayo. Washa iliyo kubwa au ndogo kwa kukisia haizibi.

Ikiwa maji hutokea juu, penye shingo ya mpini, washa haina kosa. Kaza kidogo nati ya shingoni.

Mifereji ya namna mpya, ambayo mpini wake huzunguka robo tu, haina washa bali visahani viwili vya kauri. Hiyo hubadilishwa moyo wake mzima.

Anunuaye mfereji mpya na aupime kwanza mkononi. Wa shaba ni mzito; ule mwepesi ung'aao mno mara nyingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Kabla ya kuufunga, zungushia nyuzi zake tepu nyeupe ya mafundi, kwa kufuata upande ule ule mfereji unaokazwa, la sivyo tepu itafumuka.

Kazi ikiisha, funga mifereji yote usiku, uandike tarakimu za mita, uzitazame tena alfajiri kabla ya mtu kuchota. Zikiwa zimesogea, kachunguze tangi la choo.