Shali za Ethiopia na Mikono Izifumayo

Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wake haina mzaha. Ndiyo sababu walinzi wa malango na wazee hujitanda shali nzito ya pamba iitwayo gabi. Askari aliyewahi kushika lindo la alfajiri milimani hana haja ya kuelezwa thamani yake.

Gabi ni nguo nyeupe ya tabaka nne. Joto lake hutokana na hewa inayonaswa baina ya tabaka hizo. Uzi wa mtande aghalabu ni wa kiwandani, kwa kuwa ni imara. Uzi wa mshindio husokotwa na wanawake kwa mkono; ni laini, mahali mnene na mahali mwembamba, na ndio unaoupa uso wa nguo vinundu vyake vidogo. Kufuma, kwa desturi, ni kazi ya wanaume. Mfumi huketi ukingoni mwa shimo, miguu ikikanyaga kamba za kitanda chake huko chini.

Iko pia netela, shali nyepesi ya wanawake, yenye taraza ya rangi nyingi iitwayo tibeb, pengine ya nyuzi zing'aazo. Namna ya kuivaa ni lugha. Mwenye msiba huigeuza, taraza ikawa karibu na uso wake, na amwonaye hutambua hali yake kama sisi tutambuavyo cheo begani.

Wafumi mashuhuri kupita wote ni Wadorze wa milima ya Gamo, kusini mwa nchi, karibu na Chencha. Wengi walihamia Addis Ababa, na soko la Shiro Meda, chini ya mlima Entoto, limejaa kazi zao.

Lakini sifa hii ina doa. Watoto kutoka milima hiyo wamekuwa wakichukuliwa na watu wanaowaahidi wazazi shule na maisha mema mjini. Wafikapo, huketishwa shimoni kufuma tangu asubuhi hadi usiku. Sheria ya kazi ya Ethiopia ya mwaka 2019 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 15. Hata hivyo, sheria isiyo na mlinzi ni karatasi tu, na karakana iliyo ndani ya nyumba ya mtu haionekani barabarani.

Ndugu askari, hila hiyo haijui mipaka. Mtoto anayesafiri na mtu asiyeweza kulitaja jina la baba yake anastahili kuulizwa kwa upole aendako. Nasi tununuapo shali nzuri, na tuulize imefumwa na nani. Nguo ya kumkinga mtu na baridi haifai kufumwa na mtoto aliyenyimwa kwao.